Mabehewa ya Meli Iliyozama

Bi Mwanaisha alizikwa Kipini saa kumi alasiri, nami nikafika saa kumi na moja. Hussein, mwenye duka Garsen, ndiye aliyenipigia simu asubuhi, na ningewahi lau si lori lililokwama kabla ya Garsen likatufungia barabara. Niliingia nyumba ya msiba nikapewa pembe ya mkeka kati ya kina mama nisiowajua, nikatiliwa kahawa, na hapo nikaona siwezi kulia. Si kwamba sikumpenda. Mwaka nilioishi chini ya paa lake nilimpenda kuliko watu wengi wa damu yangu. Lakini baina yangu na marehemu palikuwa na barua moja, na mtu aliyestahiki kuelezwa habari za barua hiyo alikuwa upande wa pili wa ua, kwenye viti vya wanaume. Ni mumewe, Mzee Athumani, ambaye sasa umri wake umepita themanini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mwaka wa ishirini na mbili huu. Kila nifikapo somo la kuandika barua nalifundisha haraka haraka, nikalimaliza kabla kengele haijalia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipotoka Kinakomba kwenda Garsen kufundisha nasari. Chumba nilikipata kwa Mzee Athumani na Bi Mwanaisha, nyumba ya udongo na mabati nyuma ya maduka, vyumba vitatu na ukumbi mmoja. Kuta zake hazikufika juu. Ziliishia mahali fulani chini ya paa, kana kwamba fundi alichoka akaenda zake, na kwa hivyo kikohozi cha chumba kimoja kilikuwa kikohozi cha nyumba nzima. Asubuhi wanawake wa Kiorma walipita na maziwa, na Bi Mwanaisha akapika chai ambayo ilinuka moshi wa vibuyu vyao. Mwanzoni sikuipenda, siku hizi nikinywa chai ya maziwa ya pakiti naona kama nimedhulumiwa. Mchana ilikuwa wali wa nazi na kambale wa mtoni, na Mzee alipenda kunitania kwamba sisi watu wa juu ya mto tunamla kambale mpaka masharubu. "Mwalimu, wacheni watu wa Kipini tukufundisheni samaki," alikuwa akisema. "Huyu wenu ni tope lenye mato." Kisha akamla, macho na yote, akamaliza, akaomba kipande kingine.

Ukumbini, juu ya meza iliyochukua nusu ya nafasi, palikuwa na treni. Nataka nieleweke: hapakuwa na mtu Garsen aliyekuwa na treni, na wengi wetu tulikuwa hatujaiona hata ya kweli. Hii ilikuwa ndogo, kichwa chake kirefu kuliko kiganja kidogo tu, cheusi, kimeandikwa Titanic kwa herufi za dhahabu. Nyuma yake yalifuata mabehewa, na kila behewa lilichorwa sehemu ya habari ya ile meli kubwa iliyogonga barafu ikazama. La kwanza lilikuwa na nahodha mwenye ndevu nyeupe. La pili wapiga muziki. La tatu abiria wa daraja la chini, kina mama wamebeba watoto na mabunda. Halafu jabali la barafu lenyewe, limepakwa rangi ya samawati inayong'aa. Kila moja lilikuja na cheti chenye nambari, na vyeti hivyo Mzee alivitia ndani ya bahasha ya plastiki pamoja na hati ya nyumba. Mtumaji alikuwa Mwingereza mmoja aliyeitwa Frenki, mpishi mwenzake wa zamani katika meli za mizigo. Miaka kumi na moja walilala chumba kimoja, kitanda juu ya kitanda. Walipostaafu, Frenki akaanza kununua mabehewa haya huko kwao, mawili mawili, moja akalibakisha na moja akamtumia Athumani, ili kila mmoja awe na treni sawa na ya mwenzake. Yalikuwa manane kwa jumla. Nilipoingia nyumba ile sita yalikuwa yamefika. La saba lingekuwa la mashua za kuokolea watu, na la nane la kumbukumbu ya waliokufa.

Umeme haukutufikia, basi treni ilikwenda kwa betri ya gari. Alhamisi Mzee aliipeleka betri kwa Hussein kuchajiwa kwenye jenereta, na Ijumaa baada ya sala wanaume watatu wanne walikuja kunywa kahawa na kutazama. Mzee aliunganisha nyaya, akasema bismillahi, na kile kichwa kikatoa mlio mdogo kikaanza kuzunguka meza, raundi baada ya raundi, huku yeye akieleza mabehewa kama mtu anayetambulisha wageni wa harusi. Hussein hakukosa hata Ijumaa moja, na hakuacha kuuliza swali lake. "Mzee, wallahi mimi sielewi. Meli imezama, sasa hawa watu wanaweka treni ya nini? Na hii treni inaenda wapi? Garsen reli hakuna." Mzee alimjibu kwamba watu wale waliokufa hawana makaburi, wako chini ya bahari, na jamaa zao wamekaa karibu miaka mia hawana pa kwenda kuweka hata ua. "Basi wawafanyie nini? Hufanya chochote. Hata treni." Hapo ndipo, kila Ijumaa, tulipoanza kusikia kinu. Bi Mwanaisha alikuwa jikoni akitwanga, na alitwanga kwa nguvu mpaka treni isimame. Mwezi wa kwanza nilidhani ni mpishi hodari. Baadaye nilikwenda kuchungulia nikaona kinuni hamna kitu.

Mtoto wao wa pekee, Bakari, alikuwa amepotea. Miaka mitatu kabla yangu aliondoka Ozi na vijana wenzake wawili katika mashua iliyojaa maembe, wakashuka na mto mpaka mlangoni pa bahari, wakielekea Lamu. Mashua ilikutwa imepinduka kwenye fungu la mchanga. Maiti za wale wawili zilipatikana. Ya Bakari haikupatikana, na kwa sababu hiyo mama yake alikataa katakata kwamba amekufa. Waliokwenda kumpa pole waliulizwa, "Pole ya nini?" wakapewa maji ya kunywa, wakazungumzishwa habari za mvua na bei ya sukari mpaka wakainuka wenyewe. Hata kuhamia Garsen kulikuwa ni kwa ajili hiyo. Kipini, alisema, ni mwisho wa barabara. Lakini Garsen kila gari hupita, liende Lamu, Hola au Malindi, na mtu anayerudi kwao lazima apitie pale. Alasiri alijifunga buibui akaenda stendi, akawauliza madereva kama wamemwona kijana mrefu mwenye kovu kidevuni. Madereva walimheshimu. Hawakumwambia hapana, walisema, "Bado, mama."

Yote haya hakuna aliyenikalisha kunieleza. Niliyapata juu ya ukuta, saa za adhuhuri, joto linapowalaza watu wote na maneno ya chumba cha pili yakipanda na kushuka kwangu. Mzee alikuwa anataka hitima. Alitaka waalikwe watu, isomwe Kurani, wapikiwe, mtoto aombewe ipasavyo. "Mwaka wa tatu huu, Mwanaisha. Tumsomee mtoto." Na sauti yake Bi Mwanaisha ikajibu, wala haikupanda: "Msomee wako. Wangu mimi yu ndiani kurudi." Nililala nikitazama mabati. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba kila ugomvi una mwenye haki mmoja, na nilishindwa kumpata.

Mzee alizungumza Kiingereza cha melini kwa kasi, na matusi yake yote, lakini hakukisoma wala kukiandika. Kabla yangu alikuwa akipeleka barua za Frenki kwa mtu wa ofisini, ambaye alizisoma akizihadithia stendi nzima. Mimi nilipofika alifurahi mno. Alininunulia kalamu ya wino, akanikabidhi, akasema, "Wewe sasa ndiwe mdomo wangu." Nilikaa naye ukumbini Jumapili, yeye akisema kwa Kiswahili, mimi nikiandika Kiingereza cha kidato cha nne, na nilijiona mtu. Sijui kama nimewahi kupewa cheo kingine kilichonifurahisha kiasi kile.

Kisha nikashikwa na malaria. Siku sita Bi Mwanaisha alinilisha uji kwa kijiko, akanifuta kwa kitambaa cha maji, akanisomea dua sikioni. Nilipopata nafuu, asubuhi moja tulikaa uani tukichambua mchele, akasema bila ya kuniangalia, "Mwalimu, wewe ndiwe uandikaye. Mwambie yule rafikiye mabehewa yatosha. Asilete tena." Nikamwuliza kama Mzee anajua. Akaokota jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa. "La mashua likiya, akaliweka pale mezani watu wakatazama, mimi takwenda wapi? Na la nyuma yake ni la maiti. Nyumba hii haina maiti, mwanangu." Nikasema nitaandika.

Kama ningeandika alivyoniambia tu, pengine leo nisingekuwa na habari ya kusimulia. Lakini shuleni tulifunzwa kwamba ombi lazima liwe na sababu, na kukata jambo bila sababu ni utovu wa adabu. Nikaona vibaya kumwambia mzee wa watu aache kutuma zawadi, basi, kwaheri. Nikaongeza. Niliandika kwamba mtoto wao wa pekee, Bakari, alizama baharini miaka mitatu nyuma, na mama yake hawezi kuistahimili picha ya meli inayozama ndani ya nyumba yake. Niliandika alizama. Neno ambalo nyumba nzima ililizunguka kwa miaka mitatu, mimi nililimaliza kwa mstari mmoja, nikatia sahihi kwa niaba ya familia, nikaenda posta.

Behewa la saba halikuja. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Mzee alikwenda dukani kila Jumanne, maana sanduku la posta lilikuwa la Hussein, akarudi mikono mitupu. Mvua zikaanza, mto ukafura, watu wa vijiji vya chini wakapanda mjini na kuku wao, barabara ikakatika pande zote mbili, na kwa muda tukawa na kisingizio. Maji yalipopungua hakukuwa na kisingizio. Mzee alianza kuamini kwamba Frenki ni mgonjwa. Aliniita akanisemesha barua ya kumwuliza hali, barua ndefu, yenye kukumbusha dhoruba fulani na sufuria ya supu iliyomwagika juu ya ofisa. Tulicheka wote wawili. Niliiandika yote, nikaikunja, na sikuipeleka posta. Niliitia katikati ya daftari la mahudhurio ya watoto. Nilijiambia naihifadhi mpaka nipate la kufanya. Uongo mtupu; niliogopa. Ijumaa ile nilimwona akilipangusa behewa la sita, la mwisho alilonalo, kwa ncha ya kanzu yake, polepole, na nilitamani malaria inirudie.

Jibu la Frenki lilifika baada ya Iddi. Hussein alilileta mwenyewe, anahema, kwa kuwa alijua lilivyongojewa. "Mzee, mtu wako yuko hai! Soma, Mwalimu, soma." Mzee alikuwa kitini kando ya meza. Bi Mwanaisha alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, anasuka ukili. Nilifungua nikaona mstari wa kwanza, nao ulitaja barua niliyoipeleka mimi. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema uongo, na ningeweza. Hakuna mwingine pale aliyeweza kusoma mwandiko ule wa Kiingereza, hata Hussein. Ningetunga barua nzima, mafua, mvua za Ulaya, salamu. Nilimtazama Mzee, uso umemjaa furaha kwa sababu rafiki yake hakufa, na nikaona kwamba mtu aliyeniita mdomo wake siwezi kumfanyia hivyo mara ya tatu. Nikasoma kama ilivyokuwa, nikigeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari.

"Athumani ndugu yangu, barua iliyotoka nyumbani kwako imenifikia. Na habari za Bakari nazo nimezipata; sikuwa nazijua. Nimekaa siku nyingi nikiandika na kuchana. Mimi nilikuwa nakutumia mashua na maiti, na wewe una mtoto baharini. Nisamehe. Pole wewe, na pole mama yake. Tafadhali msomeeni haya. Mwambieni namkumbuka yule mtoto. Namkumbuka katika picha uliyoibandika juu ya kitanda chako, amepanda punda, kiatu kimoja kipo na kimoja hakipo. Miaka kumi na moja niliamka nikimwona yeye kwanza. Kila tulipotia nanga wenzetu walinunua saa. Wewe ulikuwa ukinivuta madukani kutafuta viatu vya mtoto."

Hussein alikuwa ameinamisha kichwa. Ukili umesimama mkononi mwa Bi Mwanaisha, na mimi nilingoja aseme lile lake, pole ya nini. Aliuweka ukili chini.

"Soma tena pale pa punda," akasema.

Nikasoma.

"Punda yule alikuwa wa kakangu," akasema. "Alikuwa mkorofi, akiuma watu. Bakari tu ndiye aliyekuwa hamuumi. Kile kiatu kilianguka kisimani, nikampiga. Nalimpiga kwa kiatu, yarabi, mtoto wa miaka minne." Kisha akalia. Alilia kilio cha matanga, kile ambacho hakukilia siku yake, na Mzee akashuka kitini akakaa naye mkekani, mzee mzima na magoti yake mabovu, akamshika mkono mbele yetu. Alipotulia alijifuta kwa upande wa leso akasema, "Mwambie huyo Mzungu nishapoa." Kwetu ndivyo ajibuvyo aliyepewa pole. Watu wamempelekea pole tangu Kipini mpaka Garsen, na ya kwanza kujibiwa ikawa ya mtu asiyemjua, kwa kuwa barua huwezi kuiuliza pole ya nini ukaitilia maji.

Ndipo Mzee akageuka. "Barua aliyoipata Frenki, nani alomwandikia?" Bi Mwanaisha akaangalia ukili wake. Nilingoja aseme, sikumlaumu wakati ule wala simlaumu leo, alikuwa amemaliza nguvu zote alizokuwa nazo. "Ni mimi, Mzee," nikasema. Ilikuwa kweli, na haikuwa kweli yote. Hakunigombeza. Alinyoosha kiganja. "Kalamu yangu, Mwalimu." Nikaenda chumbani nikaileta, na ile barua ya supu nikamletea pia. Aliipokea, akaitambua kwa unene wake, akaitia mfukoni bila ya kuifungua. Jibu la kwenda kwa Frenki aliliandika Hussein, kwa Kiingereza cha kuagizia bidhaa.

Hitima ilisomwa mwezi uliofuata. Bi Mwanaisha alipika mwenyewe, sufuria tatu za pilau, akakataa kusaidiwa kukoroga. Asubuhi ya siku ile nilimkuta ukumbini anaipangusa treni, behewa moja moja, kwa kuwa wageni wanakuja na meza ina vumbi. Mpaka mwisho wa mwaka Mzee aliendelea kunitania juu ya kambale, akanibebea sanduku mpaka kwenye basi nilipokwenda chuo cha ualimu. Wema wake haukupungua hata kidogo. Lakini hakunipa tena neno lake niliandike, na nimelibeba hilo kila nilipokwenda kuwasalimu, kila Iddi, nikinywa chai kwenye ukumbi ule.

Siku ya pili ya matanga, Kipini, mjukuu wa jirani alikuja kuniita kwa kina mama. Mzee alikuwa chumbani peke yake, juu ya kitanda cha kamba. Macho yamemwishia karibu yote. Alinitambua kwa sauti. "Ndoo hapa, Mwalimu. Kaa." Nikakaa. Nikampa pole akajibu. Nilikuwa nimejiapiza njia nzima, basi nikasema kabla sijaingiwa na woga. Nikamwambia kwamba Bi ndiye aliyenituma nizuie mabehewa. Na kwamba yale ya Bakari hakunituma, niliyaongeza mwenyewe.

Nje walikuwa wanaosha sinia.

"La kwanza nalijua," akasema. "Aliniambia mwenyewe, wiki ile ile ya hitima. Aliniambia, mwalimu wako hana makosa, ni mimi nilomtuma. Mimi nikangoja uniambie wewe. Nikasema, atanambia. Iddi hii atanambia. Miaka yote hiyo, mwanangu." Akatikisa kichwa. "La pili sikulijua. Hata yeye hakulijua. Alidhani Frenki alisikia kwa mabaharia."

Nililia hapo, kwa Bi Mwanaisha na kwa mengine, na aliniacha nilie.

Kisha akapapasa chini ya mto, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa na kalamu ya biki. Frenki alikwisha kufa, alisema, lakini ana binti huko, mtu mwema, huandika. Lazima apate habari za msiba, na Hussein Kiingereza chake ni cha mchele na unga. Alinisukumia karatasi juu ya kitanda mpaka zikagusa mkono wangu.

"Andika kwamba mke wangu amekufa," akasema. "Halafu andika nitakayokwambia. Nawe Mwalimu, kama una la kuongeza, nisomee kwanza."